Raha ya Zamu: Mhadhara juu ya Maisha ya Masama



Mtu aitwapo kuhutubia juu ya Kilimanjaro, aghalabu hutazamiwa aseme habari za theluji ya Kibo, au za kahawa, au za wasomi na wafanyabiashara waliotoka katika miteremko yake wakaenea nchi nzima. Na mambo hayo yana haki ya kusemwa, wala sikuja kuyapunguzia sifa. Lakini leo naomba ruhusa yenu nizungumze juu ya jambo lisilosemwa sana katika vitabu vya wageni wala katika hotuba za wakubwa, ijapokuwa ndilo linalomfanya mtu wa Masama, hata akiwa amekaa Dar es Salaam miaka thelathini, atamke neno "nyumbani" na kukusudia mahali pamoja tu duniani. Nataka kuzungumza juu ya raha: raha za kawaida, za gharama ndogo, za watu wanaojuana, na nataka kuonyesha kwamba raha hizo zilikuwa na mpango tangu zamani, na mpango wenyewe ni huu, kwamba kila mtu ana zamu yake na kila mtu ana fungu lake.

Kwa faida ya wasiopajua, Masama iko katika wilaya ya Hai, upande wa magharibi wa mlima, jirani ya Machame. Atokaye Moshi kwa barabara kuu ya Arusha hufika Kwa Sadala, nako ni njiapanda na soko kwa pamoja. Hapo huteremka, akaliacha vumbi na joto la tambarare, akaingia katika gari la Noah lililojaa watu, mikungu ya ndizi na ndoo za dagaa, na gari likaanza kupanda. Safari hiyo haifiki hata saa moja, lakini katika muda huo mdogo msafiri huvuka nchi tatu: kwanza nchi ya mahindi na alizeti, ambako jua huchoma na ambako watu wa mlimani wana mashamba yao ya chini wanayoyaita ya porini, kisha nchi ya migomba na mibuni iliyofungamana chini ya miti mirefu, hata nyumba hazionekani mpaka ufike mlangoni, na mwisho, juu kabisa, nchi ya ukungu na msitu, ambako mlima wenyewe, baada ya kufichwa na mawingu mchana kutwa, hujitokeza kabla ya magharibi kwa dakika chache, mwekundu kama kaa la moto, na wanawake walio njiani na mizigo yao husimama kidogo wakautazama, ijapokuwa wameuona tangu kuzaliwa kwao.

Nchi ile ya kati ndiyo ya vihamba. Kihamba ni shamba, ni nyumba, na ni makaburi kwa wakati mmoja: juu husimama miti mikubwa ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini ya mibuni magimbi, viazi vikuu na maharage, katikati ya hayo yote nyumba, na kando ya nyumba zizi, ambamo ng'ombe mmoja au wawili hukaa ndani mwaka mzima wakiletewa majani, kwa kuwa hakuna pa kuwachungia, na samadi yao hurudi kwenye migomba. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kilimo hiki, kwa mfano wa Shimbwe Juu upande wa Moshi, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo duniani, nasi tulishukuru. Walakini urithi huo una upande wake wa pili, usiopandwa wala kuvunwa, nao ni namna watu wanavyoishi wakiwa wamebanana kiasi hicho na bado wakatakiana heri; na siri ya jambo hilo, kwa maoni yangu, imo katika mfongo, mfereji wetu wa maji.

Naomba nikae hapa kitambo.

Mito yetu, kama Kikafu na Weruweru, hushuka katika makorongo yenye kina kirefu, ilhali watu wanakaa juu, migongoni mwa vilima. Maji unayasikia usiku kucha, lakini huyapati ila kwa kushuka na kupanda tena na mtungi kichwani. Wazee wetu walipanda mpaka karibu na msitu, mahali ambapo mto haujazama bado, wakaweka kizuizi cha mawe, magogo, udongo na vigogo vya migomba, wakachimba mfereji mwembamba unaofuata ubavu wa korongo kwa mteremko mdogo hata jicho halitambui kama unashuka, mpaka ukafika mgongoni mwa kilima, na hapo ukagawanyika kama mishipa ya jani. Hawakuwa na vyombo vya kupimia. Maji yenyewe ndiyo yaliyokuwa kipimo, yakisimama walichimba, yakikimbia mno walijaza. Charles Dundas, Mwingereza aliyepata kuwa mkuu wa wilaya ya Moshi, aliistaajabia mifongo hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1924 juu ya Kilimanjaro na watu wake, na kila mgeni mwenye macho aliyepita baada yake amestaajabu vilevile.

Lakini mgeni huona mfereji, wala haoni zamu. Mfongo ni mali ya wale ambao wazee wao waliuchimba, nao una mzee wake, na mzee huyo anajua kwa moyo, au siku hizi kwa daftari la shule, ni nyumba ipi inayapata maji siku ipi, tangu jua likiwa wapi hadi likiwa wapi. Maji ya usiku, ambayo hakuna wa kuyatumia, huelekezwa katika bwawa dogo la kulimbikizia, yakangoja alfajiri. Mwenye zamu huenda na jembe mahali ambapo mfereji wake unatoka katika mfereji mkubwa, akang'oa kipande cha gogo la mgomba na mabonge ya udongo yaliyoziba, akaziba upande wa jirani, akarudi upesi ili awahi kuyapokea.

Utotoni kazi ya kuyapokea ilikuwa yangu, na mpaka leo sijapata kusikia muziki unaoushinda ule. Mfereji ulikuwa mkavu, umejaa majani ya mgomba yaliyosinyaa. Nami nikisimama kimya nilisikia kwanza mchakacho wa mbali, kama mtu anayekuja akiburuta kanga kwenye majani. Kisha ikaja harufu ya vumbi lililolowa. Kisha yenyewe yakatokea, mekundu kwa udongo, yakisukuma mbele yake povu, vijiti, na kundi la siafu wanaohama kwa haraka, na kichwa cha maji hayo kilikwenda polepole kuliko hatua ya mtoto, kikijaza kila shimo kabla ya kusonga mbele. Nilitembea nayo sambamba mpaka kwenye migomba yetu. Baada ya saa chache tungesikia jirani anakohoa kwa makusudi mpakani, naye hakuwa na kifua. Alikuwa ametukumbusha kwa adabu kwamba jua limefika mahali pake.

Siku ya kuusafisha mfongo, watu wote wenye zamu hupanda pamoja mpaka kwenye chanzo, wakatoa matope, wakaziba palipobomoka, na yule asiyekuja bila udhuru hutozwa. Zamani tozo lenyewe lilikuwa mtungi wa mbege, ukanywewa na wale waliofanya kazi, hata faini ya mmoja ikageuka karamu ya wengi, naye mkosaji akaalikwa aketi kati yao, akanywa katika faini yake mwenyewe, na neno likaishia hapo. Napenda mliangalie jambo hili kwa makini. Sheria nyingi nilizozisoma humwadhibu mtu kwa kumtenga. Sheria ya mfongo ilimwadhibu kwa kumrudisha.

Tangu mwaka 1991 iko bodi ya maji ya bonde lote la Pangani, na mtumiaji wa maji anatakiwa awe na kibali na alipe ada. Wazee wengi waliliona neno hilo zito, wakauliza ni nani awezaye kuwauzia mvua. Mimi naielewa hoja ya serikali, kwa sababu maji yanayotuponyoka hapo Masama huingia Kikuletwa, yakafika bwawa la Nyumba ya Mungu, yakazungusha mitambo ya umeme huko Tanga, na yakiisha kazi hiyo huenda yakamwagika baharini Pangani, mbele ya watu ambao nao wana haki yao. Naomba tu atakayeandika kanuni apande kwanza hadi kwenye chanzo, awasikilize wale ambao wamegawana mto mmoja kwa vizazi vingi.

Sasa nimeutaja mbege, na sitapita bila kuusemea. Wako wanaodhani mbege ni ulevi tu, na ulevi upo, nami nimezika jamaa kwa ajili yake. Lakini pombe ya siku tatu nne za kazi, inayopikwa na jirani mmoja kwa ulezi wa jirani mwingine, si jambo la mtu aliyekusudia kulewa peke yake. Ndizi mbivu huchemshwa katika pipa mpaka zigeuke rangi ya udongo mwekundu, zikaachwa zipoe na kuchachuka siku kadhaa. Ulezi huoteshwa, ukakaushwa, ukasagwa, ukapikwa uji mzito. Ndizi zikachujwa, uji ukatiwa, na gome la msesewe likaongezwa kwa uchungu wake unaokata utamu. Kesho yake mbege umeiva, una povu la rangi ya kahawa ya maziwa na punje laini za ulezi zinazobaki kwenye meno. Mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya macho ya watu, ndipo kata hupita, kwa wakubwa kwanza, mkono kwa mkono, kila mmoja akipangusa ukingo kwa kidole gumba kabla ya kumpa mwenziwe. Anayepokea kata hawezi kuishika muda mrefu, kwa kuwa macho ya wenzake yako juu yake. Hapo pia, mnaona, ni zamu.

Sina budi kusema, kwa kuwa nazungumza mbele ya akina mama, kwamba raha hizi hazikugawanywa sawa. Mwanamke ndiye aliyekoroga lile pipa, na kata ilimfikia mwisho. Zamani hakuruhusiwa hata kufika kwenye chanzo cha mfongo, naye ndiye aliyeyahitaji maji kuliko mtu yeyote nyumbani; alipanda mpaka ukanda wa nusu maili uliotengwa mwaka 1941 pembeni mwa msitu ili wananchi wapate kuni na majani, akashuka jioni na mzigo wa majani ya ng'ombe uliomficha kichwa na mabega, hata ungedhani ni kichaka kinachotembea. Raha ya akina mama ilikuwa kwingine, nayo ilikuwa sokoni. Kule Kwa Sadala kila mama ana mahali pake pa kukaa, penye jiwe lake au gunia lake, na hakuna apaandikaye jina. Akiugua, jirani yake hupanga ndizi zake kando ya za kwake, akamuuzia, akampelekea fedha jioni na habari zote za soko. Nimemwona mama mmoja akikataa kumuuzia mteja mkungu wa mchare uliokuwa mzuri kabisa, akamwambia aende kwa yule wa pili, kwa sababu yeye alikwisha kuuza mitatu asubuhi ile na mwenziwe hajauza hata mmoja. Mteja alikuwa mgeni wa mjini, akaondoka akinung'unika. Hakujua kwamba amefika mahali penye zamu.

Kadhalika kanisani. Wamishonari wa Leipzig walifungua kituo Machame mwaka 1893, na Ulutheri ukashika mizizi katika Hai yote, ukatuletea pamoja na Injili matarumbeta ya shaba, ambayo vijana wa sharika zetu huyapiga siku za sikukuu kwa namna ambayo sauti yake, ikivuka korongo asubuhi ya baridi, humfanya hata mvivu atafute viatu. Lakini raha niipendayo mimi huja baada ya baraka ya mwisho, pale nje, penye mnada. Asiye na fedha ameleta sadaka ya alichonacho: yai, kuku, mkungu, kibaba cha maharage, chupa ya maziwa, na mzee wa kanisa huviinua kimoja kimoja, akavitangaza. Yai moja hununuliwa kwa bei ya mayai mawili, na aliyelinunua akalirudisha ili liuzwe tena; akanunua mwingine, akamtunuku bibi kizee aliyelileta; na bibi, kwa fahari, akalirudisha liuzwe mara ya tatu. Watu hucheka, hupiga makofi, na mtoto aliyembebea bibi yai lile kutoka nyumbani mfukoni mwa sweta, akilishika kwa uangalifu njia nzima, hulitazama likipita juu ya vichwa kama kitu cha thamani kubwa. Na kwa kweli ni cha thamani, kwani limekwisha kuwapa watu watatu nafasi ya kutoa.

Bruno Gutmann, mmishonari Mjerumani aliyefanya kazi Masama kabla ya kwenda Old Moshi, aliandika vitabu vinene juu ya sheria na mafunzo ya Wachagga, akasisitiza kwamba mtu hapa amefungwa kwa kamba tatu, ya ukoo, ya ujirani na ya rika, na kwamba kuzikata ni kumwua angali hai. Wako waliomlaumu kwa kutaka watu wabaki vilevile milele, na lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Ila nikisimama penye mnada ule naona kamba zote tatu kwa macho.

Juu ya vijana nitasema machache. Wao wana kiwanja cha mpira, wana bodaboda, wana banda la video ambamo siku ya mechi ya Ulaya hakuna pa kupenya; na wakipata nafasi hushuka mpaka Chemka, huko Rundugai, ambako katikati ya nchi kavu ya miiba maji vuguvugu hububujika chini ya mizizi ya mikuyu, safi hata unaona vidole vya miguu yako vikiwa vimezama mita mbili. Zamani palikuwa mahali pa kuogea pa wachungaji na watoto wa jirani. Sasa magari ya watalii hupanga foleni. Siwaonei wivu wageni, maji yanatosha. Naomba tu mtoto wa Rundugai asije akahitaji tiketi kuogelea alikoogelea babu yake.

Sasa kahawa, kwa maana raha zote nilizozitaja zilihitaji senti chache, na senti zilitoka katika buni. Mwaka 1925 wakulima wa mlima huu waliunda chama chao, na Joseph Merinyo akawa rais wake, ili kuilinda kahawa ya Mwafrika wakati ambapo masetla hawakutaka Mwafrika ailime. Na mwaka 1933 kikafuata KNCU, muungano wa ushirika ambao jina lake lilikuwa likitamkwa majumbani mwetu kama jina la mjomba tajiri. Historia hiyo inajulikana. Nisemalo mimi ni habari ya alfajiri ya msimu: mashine ya mkono ya kumenya ikilia kra-kra-kra katika kila kihamba, mmoja anazungusha, mmoja anamimina maji, mmoja anaokota maganda mekundu, na baada ya kulala ndani ya ndoo, buni zinasuguliwa kwa mikono mpaka ule utelezi uishe na ziseme zinapogusana, kama changarawe. Baba yangu alizijua kwa sauti. Halafu ikaja siku ya kuzipeleka chamani, magunia yamepangwa kwa foleni tangu usiku, wenyewe wamelala ubavuni mwake chini ya blanketi, na karani anapima mbele ya watu wote, kila mtu akijua kilo za kila mtu. Na miezi baadaye, kama bei ilikuwa njema, yakaja malipo ya pili, ambayo watu walikuwa wameyaomba kanisani. Nyumba zetu za bati na karo zetu za shule zilitoka hapo.

Mwaka 1976 serikali iliivunja miungano ya ushirika, ikairudisha katika miaka ya themanini. Na mwaka 1989, mapatano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yalipovunjika, bei ilianguka, na watu ambao wasingethubutu kukata mti uliopandwa na baba zao wakakata, wakapanda nyanya, wakapanda mahindi, au wakauacha mbuni ukavaa kuvu. Siwalaumu. Lakini naomba mtambue kilichokatwa pamoja na miti: ile foleni ya usiku, na yale malipo ya pili ambayo kijiji kizima kilikuwa kikiyangojea kwa pumzi moja. Nyanya huuzwa na kila mtu peke yake, kwa simu, na bei yake ni siri.

Hapa nafika penye maumivu. Kwa desturi yetu kihamba kilikwenda kwa mtoto wa kwanza na kwa kitinda mimba, na wale wa kati wakaambiwa watafute. Nao wakatafuta, wakapata, tangu Moshi mpaka Mwanza mpaka Dar es Salaam, hata neno "Mangi", lililokuwa cheo cha mtawala mpaka utemi ulipofutwa mwaka 1963, mjini likawa jina la mwenye duka. Ardhi imegawanywa tena na tena mpaka nusu ya ekari ikawa urithi wa kujivunia. Kwa hiyo Masama ya leo ina nyumba nyingi nzuri zenye vigae na madirisha makubwa, zilizofungwa kwa kufuli miezi kumi na moja, na bibi mmoja anayezilinda tano kwa pamoja.

Jambo hili halikutupata sisi tu. Huko Marekani, upande wa mashariki, iko milima iitwayo Appalachia, inayopita Kentucky, West Virginia na majimbo mengine, ambako watu waliishi katika mabonde membamba kwa kilimo kidogo na makaa ya mawe. Na baada ya vita vya pili vya dunia maelfu yao walishuka kwenda viwandani, Detroit, Cincinnati, Chicago. Wakikaa huko waliendesha gari usiku kucha siku za mwisho wa juma ili waamke kwao. Na mpaka leo jamaa nyingi zina siku yao kila mwaka ambapo waliotawanyika hurudi, wakapanda kilimani penye makaburi ya familia, wakang'oa magugu, wakaweka maua, kisha wakatandika vitambaa palepale na kula pamoja, wazee wakiwaonyesha wadogo ni nani amelala wapi. Nilipoyasoma hayo nilikiweka kitabu chini, nikaona nimesoma habari za Desemba yetu.

Kwani nasi Desemba hurudi. Mabasi hujaa wiki nzima, barabara ya kupanda kutoka Kwa Sadala huwa na magari yenye namba za kila mji, na kila kihamba moshi hutoka. Wanaume huchinja mbuzi nyuma ya migomba, na kazi ya kugawa huanza, nayo ina kanuni zake: kidari kina mwenyewe, mgongo una mwenyewe, kichwa kina mwenyewe, na mtoto hutumwa kwa shangazi na fungu lililofungwa katika jani la mgomba, naye akilichelewesha ataulizwa. Kisusio, supu ya damu na nyama ya mbuzi, hunywewa kikiwa cha moto. Aliyekosana na nduguye humjia ameshika jani la isale, mmea wetu wa amani, wala hakuna haja ya hotuba, kwa kuwa akija na isale hakataliwi. Na isale lilelile huota mpakani na penye makaburi, hata mtu akilichuma hujua analichuma mbele ya mashahidi. Nimewaona ndugu wawili ambao hawakusemezana miaka sita kwa ajili ya hatua nne za ardhi, wakisimama kati ya migomba na jani moja mikononi, wamenyamaza wote wawili, na mama yao akiwa dirishani hajui aangalie wapi.

Kisha Januari inaingia, magari yanashuka, na fungu la shangazi halina wa kulipeleka. Raha ya wiki mbili ni raha pia, wala sitaidharau. Ila mfongo hauwezi kusafishwa Desemba peke yake. Matope hayangojei likizo. Mwaka jana nilikwenda kumwamkia mzee wa mfongo wetu, nikamkuta uani na daftari lake. Alinisomea majina, arobaini na moja, kama yalivyo tangu baba yake. Na kila aliposoma jina la mtu aliye mjini alitua kidogo, kisha akaendelea. Nilimwuliza, kwa nini asiyafute. Akanijibu, "Mwanangu, nikilifuta jina, zamu yake nimpe nani?" Nilihesabu walio nyumbani na wenye nguvu ya kushika jembe, nikapata tisa, na wanne kati yao ni wanawake, ambao siku hizi hupanda mpaka chanzoni bila mtu kuwauliza neno.

Jina langu limo, la kumi na saba. Kwa miaka mingi nimelipa fedha badala ya kwenda, na fedha hiyo imempata kijana wa kufanya kazi mara nyingine, na mara nyingine haikumpata. Maji yetu ni ya Jumanne, tangu adhuhuri mpaka jua liguse mti wa mruka ulio mpakani. Na mfongo utasafishwa Jumamosi ya kwanza kabla ya masika, saa kumi na mbili asubuhi, watu wakikutana penye daraja la miti. Mimi nitapanda usiku wa Ijumaa na jembe la baba yangu, na katika gari langu ziko nafasi nne.